Droni Imeanguka: Picha Inatetema au Inainama?

  Leo tunazungumza juu ya droni. Na katika droni tunachukua kiungo kimoja tu: ule mkono mdogo unaoshika kamera, ambao wenyewe huuita gimbali. Tunataka kujua tufanye nini droni inapoanguka kidogo, si kuanguka kwa kuvunjika vipande, halafu kamera ikaanza vituko.

Tuchukue mfano. Kuna mwenye godauni pale Shimanzi, Mombasa, paa lake la mabati limeanza kuvuja. Badala ya kumpandisha mtu ngazi, anamwita kijana mwenye droni aje kulitazama. Tuseme kijana ana vibali vyake vyote. Hilo la vibali nitalirudia baadaye, maana kwa Shimanzi si jambo la kupitia juu juu. Kijana anarusha, anapiga picha, kila kitu shwari. Wakati wa kuteremka, upepo unaisukuma droni kidogo, inagusa ukingo wa paa, inaangukia turubali la lori lililoegeshwa. Anaiokota. Mwili hauna ufa, taa zinawaka. Alhamdulillahi! Lakini akitazama skrini, anaona magodauni yote ya Shimanzi yamelala upande.

Na hapo, kama mnavyotujua, watu wamekwisha kujaa. Mmoja anasema, "Hiyo gimbali imekufa, nunua nyingine." Mwingine anasema, "Izime, iwashe tena." Wa tatu keshanyoosha mkono aigeuze kamera kwa nguvu.

Ndugu zangu, wote watatu tuwaambie wangoje.

Kwanza zima droni, toa betri. Kwa nini? Ndani ya gimbali mna mota ndogo tatu. Moja inainua na kuinamisha kamera, moja inairekebisha isilale ubavu, na moja inaigeuza kushoto na kulia. Kama kiungo cha mojawapo kimekwama, ukiwasha droni mota itashindana na kilichoikwamisha. Itavuta umeme mwingi, itapata moto, na jeraha dogo litakuwa kubwa. Kwa hiyo usiwashe, ukazima, ukawasha tena ukitarajia itajirekebisha. Nasema tena: toa betri kwanza. Na hiyo betri yenyewe itazame. Ikiwa imebonyea au imevimba, weka kando, usiichaji. Na kama droni imeangukia maji ya chumvi, hayo ni maradhi mengine kabisa, si ya leo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo ningependa kila mwenye droni alishike. Ni swali moja tu. Je, picha inatetema, au inainama?

Mtaniuliza, kuna tofauti gani? Picha mbovu si picha mbovu? La. Tofauti ipo, na ndiyo inayokuokolea pesa. Mtazame mama anayepita uchochoro wa Majengo na ndoo ya maji kichwani. Magoti yake yanameza vishindo vya kila hatua. Shingo yake inarekebisha ndoo kila mwili unapopinda. Hizo ni kazi mbili, zinafanywa na viungo viwili. Gimbali nayo imegawa kazi vivyo hivyo. Kuna vimpira vidogo vinavyoishikilia kwenye mwili wa droni. Hivyo ndivyo magoti, vinameza mtetemo wa haraka haraka. Halafu kuna zile mota tatu. Hizo ndizo shingo. Kwenye kamera mna kihisio kinachopima mara nyingi sana kwa sekunde imeinama kiasi gani, na mota zinairudisha sawa kabla jicho lako halijatambua. Kwa hiyo picha ikitetema, tafuta kinachotetemesha, na utazame vimpira. Picha ikiinama, tazama mota, mkono na nyaya. Ukichanganya haya mawili utanunua gimbali nzima kwa kosa la panga moja la droni lililopasuka.

Ngojeni niwape ushahidi wa hilo kutoka kwa jirani zetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kutengeneza ramani, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia. Droni waliyotumia, inayoitwa eBee, ni ya mabawa, na kamera yake imepachikwa ndani ya mwili bila gimbali. Inapofika mahali pa kupiga picha, inazima mota yake kidogo, inateleza hewani, inapiga, kisha inawasha tena. Mnaona? Watengenezaji wake walijua adui wa picha anakaa wapi: anakaa kwenye mota na panga. Droni yetu ya mapanga manne haiwezi kufanya hivyo. Ikizima mota, inashuka kichwani mwa mtu. Ndiyo maana inahitaji vimpira na gimbali.

Hata ile Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI ya China, iliyotoka mwaka 2013, haikuja na gimbali. Ulifunga kamera ndogo chini yake, ukarusha, na video ikarudi inayumba. Mwaka uliofuata ndipo ilipotoka Phantom iliyokuja na gimbali ya mota tatu. Kwa hiyo huu utulivu wa picha tuliouzoea kwenye video za harusi ni kitu cha juzi juzi tu.

Haya, turudi kwa kijana wetu. Tuanze na mtetemo, maana ndio wa bei rahisi.

Utaujuaje mtetemo? Ukitazama video, vitu vilivyonyooka, mfano nguzo ya stima au ukingo wa ukuta, vinapindapinda na kucheza hali mwenyewe unajua vimesimama. Sababu ni kwamba kamera hizi haziichukui picha yote kwa mpigo mmoja. Zinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kamera ikitikisika wakati kusoma hakujaisha, mistari ya chini haikutani sawa na ya juu. Basi ukiona hivyo, usiiguse gimbali. Anza na mapanga. Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa kila panga, mbele na nyuma. Mkwaruzo ambao macho hayauoni, ukucha utaukamata. Tazama pia pale panga linaposhikana na mota, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Panga lenye jeraha usiligundishe kwa gluu, litupe. Na unapoweka jipya, angalia alama: mapanga yanayozunguka kulia na yanayozunguka kushoto si mamoja.

Kisha zungusha kila mota ya droni kwa kidole, betri ikiwa bado nje. Zote nne zizunguke kwa wepesi mmoja. Moja ikikwaruza, au ikiyumba kichwa, umeshampata mtetemeshaji wako.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye vimpira. Vinaweza kuwa vitatu, vinaweza kuwa vinne, inategemea aina ya droni. Droni inapogonga, kimpira kimoja huchomoka kwenye tundu lake, na gimbali ikabaki inaning'inia upande. Watu wakiona hivyo hudhani mkono umepinda, kumbe ni kimpira. Kirudishe taratibu kwa kibano kisicho na ncha kali. Na hapa kwetu pwani kuna jambo la ziada: jua, joto na chumvi ya hewani vinavikausha vimpira. Kimpira kilichokuwa laini kinakuwa kigumu, kinapasuka. Kigumu hakimezi mtetemo. Kikibonyezwa kisirudi, kibadilishe, na ubadilishe vyote pamoja.

Je, mtetemo umeisha? Ikiwa umeisha, hukuhitaji gimbali mpya. Ulihitaji panga na vimpira.

Lakini kijana wetu wa Shimanzi aliona magodauni yamelala upande. Huo si mtetemo, huo ni mwinamo. Basi sasa tuingie kwenye gimbali yenyewe, na hapa tuende polepole, maana ndipo panapoharibika vitu kwa mikono yetu wenyewe.

Hakikisha betri ingali nje. Hakikisha pia kile kifuniko cha plastiki cha kuzuia kamera wakati wa safari kimetolewa. Msicheke, kifuniko kilichosahauliwa kimewapeleka wengi kwa fundi. Shika kamera kwa kidole kimoja, uiinue na uishushe. Inakwenda laini? Sasa ilaze kushoto na kulia. Sasa igeuze. Kila kiungo kiende chenyewe mpaka mwisho wake na kurudi, bila kukwaruza wala kugota katikati. Ukisikia kitu kinagota, usikisukume kikubali. Simama, chukua tochi, tazama.

Na Shimanzi kuna jambo ambalo vitabu vya droni havikuambii. Pale kunachomelewa vyuma, malori yanatengenezwa, mabati yanakatwa. Vumbi la pale lina chembe za chuma. Mota za gimbali zina sumaku ndani yake, na sumaku, kama kawaida yake, inaokota. Droni ikianguka chini, chembe moja ndogo ikinaswa kwenye mwanya wa mota, gimbali itakwama au itagutuka ovyo ovyo. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi, tena kunaongeza unyevu. Tumia brashi laini kavu. Chembe iliyong'ang'ania ichomoe kwa utepe wa gundi, ile selotepu, uibandike ncha yake na uivute. Wengine hutumbukiza sindano ndani ya mota. Tafadhali, msifanye hivyo.

Ikiwa viungo vyote vinakwenda laini, tazama mkono wenyewe. Weka droni kwenye meza iliyo sawa, usogee nyuma, uitazame uso kwa uso. Ule mkono ni wa chuma chepesi, unapinda kirahisi na unavunjika kirahisi unapojaribu kuunyoosha. Mimi kwa maoni yangu mkono uliopinda usinyooshwe kwa koleo, ubadilishwe. Najua wapo wanaonyoosha na ikakubali. Ikikubali leo, kesho inakatika angani.

Sasa fleksi. Hapa naomba masikio yenu kidogo zaidi.

Vijana wanaotengeneza simu mjini wanaifahamu fleksi vizuri. Ni utepe mwembamba wenye njia nyembamba za shaba ndani yake, unaopinda bila kukatika. Kwenye gimbali umepitishwa katika viungo ili upeleke umeme na amri kwa mota. Katika droni nyingi, pembeni yake mna waya nyingine nyembamba sana zinazorudisha picha. Droni inapogonga, kamera hutupwa kupita mwisho wake wa kawaida, na utepe huchanika, mara nyingi pale unapokunjwa. Mchaniko wenyewe unaweza kuwa mdogo mno, huuoni mpaka uwe na lenzi ya kukuzia na mwanga wa ubavuni.

Lakini kabla ya kufungua chochote, dalili zinakueleza. Sikilizeni. Picha ipo kwenye skrini, lakini kamera imelegea, imeangalia chini, haina nguvu: shuku njia ya mota. Kamera imesimama sawa, ukigusa rimoti inainuka na kuinama, lakini skrini ni nyeusi: shuku waya wa picha. Picha inakuja, inapotea, inarudi, kila unapoiinamisha kamera: hapo waya umekatika nusu, unagusana pembe moja na kuachana pembe nyingine. Hizi dalili tatu ziandikeni. Ukimpelekea fundi dalili badala ya kumwambia "haifanyi kazi," umemwondolea nusu ya kazi, na umemwonyesha kwamba si mtu wa kuuziwa kitu usichokihitaji.

Na wakati mwingine fleksi haikuchanika hata kidogo. Ni kichwa chake tu kimechomoka kwenye tundu lake kwa kishindo. Kinarudishwa, kinabonyezwa, mambo yanakwisha. Ndiyo sababu fundi mwema hufungua na kutazama kwanza kabla ya kutaja bei. Akikutajia bei ya gimbali nzima kabla hajashika bisibisi, chukua droni yako uende kwingine.

Umetazama, umesafisha, umerudisha. Sasa ndipo urudishe betri. Weka droni kwenye meza tambarare, mapanga ukiwa umeyatoa, halafu washa na utazame kamera kwa macho yako, si kwa skrini. Gimbali isiyo na kasoro ikiwaka hujizungusha: inakwenda huku, inakwenda kule, kisha inatulia ikitazama mbele. Hapo inatafuta mipaka yake. Ikianza, ikagonga mahali, ikaanza upya tena na tena, kuna kiungo kinachokwama au kuna njia ya umeme iliyokatika. Zima mara moja, usiiache ijaribu. Ikitulia lakini imelala kidogo upande mmoja, basi huenda mkono ni mzima na fleksi ni nzima, ila gimbali imesahau usawa ni wapi.

Kuna namna ya kuikumbusha. Ndani ya programu ya simu mna sehemu ya kusawazisha gimbali upya. Meza iwe sawa kweli kweli. Kama huna kipimo cha maji cha waashi, azima. Usiiguse droni mpaka imalize. Na wakati wa joto letu, usifanye mara tu baada ya kuitoa kwenye buti la gari. Iache kivulini ipoe, maana vihisio vya usawa hupima vibaya vikiwa moto. Kuna pia kusawazisha dira ya droni, na programu huweza kukuomba ufanye hivyo. Msifanyie Shimanzi! Reli, makontena, matangi, nondo zilizo ndani ya saruji: dira itapokea uongo, nawe utaurusha uongo huo angani.

Mle mle kwenye programu mna pia kitufe cha kurekebisha mwinamo kwa mkono, unabonyeza kidogo kidogo mpaka mstari wa mbali unyooke. Kitumie kwa upungufu mdogo tu. Ukijikuta unabonyeza na kubonyeza, ujue unaficha mkono uliopinda.

Nisisahau upepo wa kusi. Kusi likivuma, droni hulala ili ishindane nalo, na ikilala sana mota za gimbali hufika mwisho wake. Hapo picha itainama hata kama gimbali haina kasoro. Ikiinama ukiwa katikati ya upepo na kunyooka ukiteremka penye utulivu, usimpelekee fundi. Ngoja siku nyingine.

Mtu ataniuliza: je, nikinunua gimbali nzima, siwezi kuifunga mwenyewe? Skrubu utazifungua. Lakini droni nyingi za siku hizi, ukiweka gimbali mpya, zinataka itambulishwe kwa mwili wa droni kwa programu maalumu ya kompyuta ambayo fundi wa kawaida hana. Muulize fundi hilo mapema: "Hiyo programu unayo?" Asipokuwa nayo, utalipa halafu kamera ikae inatazama ukuta.

Sasa lile la vibali nililoahidi. Baada ya matengenezo lazima ujaribu, na hapo ndipo watu hutoka nje ya karakana na kurusha pale pale. Sheria ya Kenya ya droni ni ya mwaka 2020, na anayeisimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Bila idhini huruhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege. Uwanja wa Moi uko ng'ambo tu, upande wa Port Reitz, na Shimanzi yote imo ndani ya duara hilo. Ongeza bandari ya Kilindini ubavuni na matangi ya mafuta yaliyopo pale. Hata mahali panaporuhusiwa, usipite futi 400 kwenda juu, na ukae mita 50 mbali na watu na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Na droni iliyotoka kutengenezwa ndiyo isiyoaminika kuliko zote. Jaribio lake la kwanza si la kufanyia juu ya mafuta.

Kwa hiyo omba idhini, au toka mjini mpaka mahali unaporuhusiwa. Iinue kwa kimo cha mtu tu. Rekodi kwa dakika moja: iinamishe kamera, iinue, izungushe droni polepole mzunguko mzima, isogeze mbele na uisimamishe ghafla. Hiyo ya kusimama ghafla usiiruke, maana ndipo kimpira kilicholegea kinapojitangaza. Kisha ishushe, peleka kadi ya kumbukumbu nyumbani, uitazame video kwenye televisheni. Skrini ya simu ni ndogo, inasamehe mno. Tafuta ukuta, tafuta nguzo, na ujiulize lile swali letu: inatetema, au inainama?

Wasikilizaji wapenzi, naona mwenzangu wa mitambo ananionyesha saa. Wengi mmeuliza juu ya betri za droni zinazovimba na kama zinaweza kuokolewa. Hilo tutalichukua juma lijalo, na jibu langu la mapema ni kwamba msizitoboe.